Mmoja Alipanda, Mmoja Alishuka

Haya ni mazungumzo kuhusu jua niliyoyatoa Jumamosi usiku hapa Malindi, baada ya Isha, mbele ya wazazi, wavuvi, walimu na vijana wa sekondari. Wengine walikosa nafasi ukumbini, wengine mvua iliwazuia Gongoni, wakaomba niyaandike yote. Picha za ukutani nimeziacha. Hata usiku ule hazikutufaa sana, maana projekta ilizimika mara mbili.

Assalamu alaikum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaobanana hapo mlangoni. Nimewaona. Watu wa Malindi kubanana kwa ajili ya fizikia! Sikutegemea kuishi niione siku hii.

Kila mmoja na ainue kidole gumba. Hata wewe, mzee wangu. Tazama ukucha. Ukucha huo una kama sentimita moja ya mraba. Sasa tutamke pamoja: moja. Haya. Katika muda wa kutamka neno hilo, chembe bilioni 65 zilizozaliwa katikati ya jua zimepita ndani ya ukucha wako. Sisemi elfu, sisemi milioni. Bilioni 65, kila sekunde, mchana na usiku, tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako. Kuna aliyehisi kitu? Hakuna. Chembe hizo zinaitwa nyutrino.

Nyutrino haina chaji ya umeme. Uzito wake ni mdogo hata leo hii hakuna aliyeweza kuupima sawasawa. Na haijali kitu. Ukitaka kuzuia nusu tu ya zinazopita, ukuta wa mawe hautoshi, mlima hautoshi. Chukua risasi, hii tunayofanyia chubwi za mishipi, ujenge ukuta wa risasi tupu wenye unene wa kilomita trilioni 9.5, yaani mwendo wa nuru kwa mwaka mzima. Sasa niambieni: kitu kisichozuiwa na chochote, kitapimwaje?

Marehemu baba angejibu swali hilo bila kusoma. Alikuwa mvuvi wa malema Ngomeni. Lema halimfukuzi samaki. Unalisuka, unatia chambo, unafunga jiwe, unalishusha mwambani, unakwenda zako. Samaki elfu watapita pembeni, na wewe huna habari nao. Unamtaka mmoja aingie, na siku ya kulipandisha uweze kusema huyu ni tafi, huyu ni changu, na hiki ni kipande cha mwani. Kwa hiyo lema liwe kubwa, mahali pawe patulivu, na mvuvi awe na subira. Wapimaji wa nyutrino hawana ujuzi mwingine zaidi ya huo. Nitakayosema usiku huu yote ni habari za malema.

Na nitaanzia Ngomeni.

Tarehe 12 Desemba 1970 nilikuwa na umri wa miaka saba. Wavuvi walikuwa wamekatazwa kuukaribia ule mtambo wa Waitaliano uliosimama baharini kwa nguzo zake, kwa hiyo baba alishinda nyumbani na hasira zake, malema yake yakiwa bado majini. Tukaona uzi mweupe wa moshi unapanda kutoka baharini. Ukapanda, ukapinda, na ngurumo ikatufikia baadaye, moshi ukiwa umeshaanza kuvunjika. Bibi alisema astaghfirullah, akaingia ndani akafunga dirisha.

Roketi ile ilibeba setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei zitokazo angani. Na kwa kuwa ilirushwa siku tuliyokuwa tukisherehekea uhuru wetu, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wangapi hapa walilijua hilo? Mikono ni michache. Mwanasayansi aliyeongoza kazi yake alikuwa Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani. Data za Uhuru zilitoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na ndizo zilizowafanya wataalamu waanze kukishuku kile kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kuwa ni shimo jeusi. Yote hayo yalipandia Ngomeni, wakati sisi nyumbani tunasomea kibatari.

Mtauliza, tumeitwa kusikia habari za jua, Ngomeni inaingiaje? Nipeni subira ya lema. Giacconi atarudi.

Kwanza tujue kwa nini alipanda. Hewa hii tunayoivuta inazizuia eksirei za angani. Ukikaa chini na kifaa chako, uwe na macho ya aina gani, huoni kitu. Ilimbidi avuke hewa.

Anayetafuta nyutrino ana ugomvi na hewa hiyohiyo, ila wake umegeuka. Kutoka mbali angani dunia inapigwa na chembe zenye nguvu nyingi, miale ya kosmiki. Zikigonga hewa huko juu zinaivunjavunja na kumwaga mvua ya chembe nyingine, na nyingi zinazotufikia ni myuoni. Kunjua kiganja chako. Takriban myuoni moja inakipita kila sekunde. Utasema moja si kitu mbele ya mabilioni yale. Lakini nyutrino hupita kimya, na myuoni hupita ikipiga kelele. Mmewahi kulala jirani na harusi, spika nne zimeelekezwa dirishani kwenu, halafu mtu akakwambia, hebu msikilize mbu? Huwezi kumsikia. Utafanya nini? Utahama. Utakwenda mahali ngoma haifiki. Na mahali ambapo ngoma ya myuoni haifiki ni chini ya mwamba, kilomita moja chini, kilomita mbili chini. Mwamba huichosha myuoni. Nyutrino haina habari kama kuna mwamba.

Na msidhani kushuka huko ni mambo ya wazungu kwao tu. Nyutrino ya kwanza ya asili, yaani isiyotoka kwenye kinu cha nyuklia, ilinaswa katika bara letu. Mwaka 1965, ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, na kundi la Mmarekani Frederick Reines na Friedel Sellschop wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo wengine wakazinasa zao Kolar, India, nako ni mgodi wa dhahabu. Hizo zilitoka hewani, hazikutoka juani, kwa hiyo kwa haki sikupaswa kuzileta usiku huu. Nimezileta kwa sababu nilifundisha miaka 34 na sikuwahi kuziona kwenye kitabu hata kimoja cha wanafunzi wetu, na jambo hilo linaniudhi.

Sasa twende kwa mtu aliyeshuka kwa ajili ya jua.

Katikati ya jua kuna joto la nyuzi milioni 15. Hidrojeni inabanwa humo mpaka viini vinne vinageuka kiini kimoja cha heliamu, na kila heliamu moja ikizaliwa, nyutrino mbili zinatoka. Mwanga unaozaliwa hapohapo una safari ya taabu. Unagongwa huku, unarudishwa kule, unahangaika ndani ya jua kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya kuona nje. Nyutrino inatoka kwa sekunde mbili. Dakika nane na kidogo baadaye iko Malindi. Jua lililowachoma leo pwani ni habari ya kale sana, ya kabla ya mji wowote kujengwa duniani. Nyutrino ni habari ya leo asubuhi.

Mtaalamu mmoja kijana, John Bahcall, akapiga hesabu: jua likiwa linaungua hivi tunavyodhani, nyutrino za idadi fulani zitatufikia. Na mkemia mmoja, Raymond Davis, akasema, mimi nitazihesabu. Walimu wa kemia mmesikia? Mkemia, wala hakuwa mtu wa fizikia.

Davis alishuka kwenye mgodi wa dhahabu wa Homestake, katika mji wa Lead, South Dakota, Marekani, karibu mita 1,500 chini. Akajenga tangi la lita karibu 380,000. Mnadhani alilijaza nini? Dawa ya dobi. Haki ya Mungu, dawa ya dobi, ile ya kusafishia suti pasipo maji, tani 615. Wenye mgodi wakichimba dhahabu huku, yeye anapokea mabehewa ya dawa ya dobi kule. Kwa nini hiyo? Kwa sababu imejaa klorini na bei yake si kubwa. Klorini mnaijua, iko kwenye chumvi yetu ya Gongoni na Marereni. Iko klorini ya aina inayoitwa klorini-37. Nyutrino yenye nguvu ya kutosha ikikigonga kiini chake, kinageuka argoni-37. Argoni ni gesi, haishikani na kitu, ukipuliza inatoka. Na argoni hii inaoza, nusu yake kwa siku 35, na kila atomu ikioza inatoa ishara ndogo ambayo kifaa kinaweza kuihesabu.

Kwa hiyo Davis aliacha tangi lake likae. Baada ya wiki kadhaa akapuliza heliamu ndani yake, akaikusanya argoni, akaitia kwenye kichupa kidogo, akangoja. Humo tangini mna atomu za klorini-37 kiasi cha 2 ikifuatwa na sifuri 30. Mchanga wa pwani zote za dunia haufikii hapo. Na alizokuwa akizitafuta yeye ni makumi machache. Nikimweleza mama yangu kazi ya Davis alikuwa anacheka, anasema huyo mtu hana mke?

Alikuwa na mke, na watoto watano.

Kwa hesabu ya Bahcall, tangi lilipaswa kutoa argoni zaidi ya moja kwa siku. Davis akapata kama moja kwa siku mbili. Matokeo ya kwanza yakatoka 1968. Theluthi moja tu ya iliyotarajiwa.

Hesabu haikulingana.

Watu walisemaje? Walisema Davis ni mkemia, amepoteza argoni kwenye mabomba yake. Wengine walisema Bahcall halijui jua. Davis hakugombana na mtu. Alitia ndani ya tangi argoni aliyoijua kiasi chake, kisha akaitoa, akaona karibu yote imerudi. Akalizungushia tangi maji ili kuzuia nyutroni za mwamba (nyutroni, si nyutrino: hizi ni chembe za ndani ya kiini cha atomu), akapima tena. Iko picha yake ya mwaka 1971 akiogelea katika maji hayo, kilomita moja na nusu chini ya ardhi, ndani ya pango, na kaptura yake. Vijana wa Malindi, mna bahari nzima hapo nje na bado wengine hamjui kuogelea.

Akapima tena. Theluthi. Miaka ya sabini, theluthi. Miaka ya themanini, theluthi. Alipofika 1994 alikuwa amekusanya atomu kama 2,000 kwa jumla. Zaidi ya miaka 25, atomu 2,000, ambazo zote pamoja huwezi kuziona hata kwa darubini ya shule. Na hesabu haikulingana.

Hapa naomba niseme jambo langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu mgeni, katika shule moja ya pwani hii, niliwapa wanafunzi jaribio la bembea: funga uzi na jiwe, pima urefu, hesabu muda, utafute mvutano wa dunia. Jibu la kitabu ni 9.8. Mvulana mmoja akapata 10.2. Nikamwambia rudia. Akapata 10.2. Nikamwambia, wewe hujui kuhesabu, rudia. Akarudia mpaka wenzake wakaenda kula. 10.2. Nikamwambia andika 9.8 tuondoke. Akakataa. Nikampa alama nne kwa kumi.

Mwaka uliofuata, nikisafisha kabati, nikaishika ile rula ya mita ya mbao. Mwisho wake ulikuwa umelika na kukatika, sentimita 2 nzima hazipo, namba zimefutika, na mtu yeyote angedhani inaanzia sifuri. Uzi wa sentimita 48 rula ile inausoma 50. Kokotoeni wenyewe nyumbani: unapata 10.2, bila kosa. Yule mtoto alipima vizuri kuliko mtu yeyote darasani, na zaidi ya mwalimu wake. Aliyekuwa na kasoro ni rula, na rula ilikuwa yangu.

Leo ni fundi wa mashua hapa Shela. Nimemwalika. Simama kidogo, fundi, watu wakuone. Ndiye huyo. Nyinyi mnampigia makofi. Mimi nilimpa nne kwa kumi.

Basi turudi kwa Davis. Davis kapima vizuri. Bahcall naye, tutaona, kapiga hesabu vizuri. Na hesabu hazilingani. Yawezekanaje watu wawili wawe sawa na bado wasikubaliane?

Niwape habari ya basi. Basi limetoka Mombasa na abiria 30, wote wamevaa kanzu. Hapa Malindi steji yuko karani aliyeagizwa ahesabu makanzu yanayoshuka. Akahesabu 10. Akapiga simu Mombasa: abiria wenu 20 wamepotea. Mombasa wakasema, tumepakia 30. Karani akasema, mimi nina macho. Wakaanza kushukiwa dereva, basi, askari wa vizuizini, hata barabara yenyewe. Ugomvi wa miaka 30. Kumbe abiria wote wameshuka salama, ila wengine wamebadilisha nguo. Huyu sasa kavaa shati na suruali, yule kikoi na fulana. Karani hakukosea kuhesabu. Aliambiwa ahesabu makanzu, akahesabu makanzu. Hakuna aliyemwambia ahesabu vichwa.

Nyutrino ziko za aina tatu: ya elektroni, ya myuoni na ya tau. Jua huzalisha ya elektroni peke yake. Klorini ya Davis nayo inaijua ya elektroni peke yake. Bruno Pontecorvo, Mtaliano aliyehamia Urusi, alishasema tangu miaka ya hamsini kwamba huenda nyutrino zinaweza kubadilika, na mwaka 1969 yeye na Vladimir Gribov wakasema hili laweza kuwa ndilo linalotokea kwa nyutrino za jua. Wachache walimsikiliza. Ni rahisi zaidi kumshuku dereva.

Aliyetaka kuhesabu vichwa alikuwa mwanafizikia Herbert Chen. Mwaka 1984 alitoa wazo la kutumia maji mazito. Maji mazito ni maji ambayo hidrojeni yake ina nyutroni moja ya ziada, na Kanada walikuwa nayo mengi kwa ajili ya vinu vyao vya umeme. Wakaazima tani 1,000. Sikilizeni neno hilo, wakaazima. Yalikuwa na thamani ya kama dola milioni 300 za Kanada, na kazi ilipokwisha yakarudishwa kwa mwenyewe. Hapa Malindi mtu unamwazima jembe.

Mtambo wenyewe, SNO, ulijengwa katika mgodi wa nikeli wa Creighton, Sudbury, zaidi ya kilomita 2 chini. Pango la kimo cha jengo la ghorofa kumi, katikati yake tufe la plastiki angavu la upana wa mita 12 limejaa maji mazito, na kulizunguka macho ya umeme zaidi ya 9,000 yanayotazama ndani gizani, yakingoja mmweko. Adui mkubwa hapo alikuwa vumbi. Jiwe lolote lina chembechembe za urani na thori, na mnururisho wake unaweza kukudanganya ukadhani umenasa nyutrino. Basi kila anayeshuka, awe profesa awe fundi bomba, kwanza aoge na abadilishe nguo, kama mtu anavyotia udhu kabla ya kusogea mbele. Hata usafi wenyewe una mwisho. Potasiamu iliyomo mwilini mwako, ya ndizi na ya muhogo, inaoza mara elfu nne hivi kila sekunde, na karibu kila mara inatoa ndugu ya nyutrino, kwa hiyo wewe pia unang'aa kidogo.

Ndani ya maji mazito nyutrino inaweza kufanya kazi kwa njia zaidi ya moja. Iko njia ambayo ni ya elektroni peke yake inayoiweza: hayo ndiyo makanzu. Na iko njia ambayo aina zote tatu zinaiweza, ya kukivunja kiini cha hidrojeni nzito na kuiachia nyutroni ikizurura: hivyo ndivyo vichwa. Hesabu makanzu, hesabu vichwa, kisha linganisha.

Lakini nyutroni inayozurura ni vigumu kuiona. Unajua walifanya nini mwaka 2001? Walitia chumvi. Chumvi! Tani 2 za chumvi, hii ya kulia wali, ila imesafishwa mno. Klorini ya chumvi hupenda kuimeza nyutroni, na ikiimeza hutoa mmweko mkubwa unaoonekana vizuri. Baadaye wakaitoa chumvi yote, maana maji ni ya kuazima, huwezi kumrudishia mtu maji yake yana chumvi. Ndugu zangu wa Gongoni mnaokokota chumvi kwenye mabwawa jua likiwawakia kichwani: huko Kanada chumvi ilishushwa kilomita 2 gizani ikusaidie kulipima jua hilohilo.

Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2001, na yale ya kumaliza ugomvi mwaka 2002. Nyutrino za elektroni: kama theluthi moja. Nyutrino zote pamoja: sawa na hesabu ya Bahcall. Makanzu 10, vichwa 30. Davis alikuwa sawa. Bahcall alikuwa sawa. Aliyekuwa na kasoro ni rula, yaani ile dhana yetu kwamba nyutrino haina uzito na haibadiliki. Isiyo na uzito haiwezi kubadilika hivi njiani, kwa hiyo zina uzito, ingawa ni kiduchu.

Kuna kijana amenitazama kwa jicho la fizikia, basi niongeze. Zile nyutrino zenye nguvu ambazo SNO ilizipima hazikubadilikia barabarani. Zilibadilika ndani ya jua lenyewe, katika msongamano wa maada ya humo, zikiwa bado zinatoka. Kwenye basi letu, walibadilisha nguo kabla ya kuvuka daraja la Nyali. Wasioridhika tuonane baadaye kwa chai.

Chen hakuyaona haya. Alifariki mwaka 1987, kabla pango halijachimbwa. Aliyeiongoza kazi hadi mwisho, Arthur McDonald, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 pamoja na Takaaki Kajita wa Japani.

Kuhusu Waitaliano nitasema kwa ufupi, maana Malindi huwezi kumaliza mazungumzo bila wao. Wana maabara chini ya mlima Gran Sasso, mwamba wa mita 1,400 juu ya kichwa, na mlango wake uko ndani ya handaki la barabara kuu, magari yanapita. Humo kuanzia 2007 mpaka 2021 mtambo uitwao Borexino, tani 278 za mafuta yanayomulika yakiguswa, ulizinasa nyutrino dhaifu ambazo Davis na SNO wasingeweza kuziona. Mwaka 2014 wakatangaza wamezipima zile za hatua ya kwanza kabisa ya moto wa jua, hidrojeni kwa hidrojeni. Nguvu ya jua iliyohesabiwa kwa nyutrino hizo, habari ya leo, ikalingana na nguvu ya mwanga, habari ya kale. Maana yake moto wa katikati haujapungua wala kuzidi kwa muda wote huo ambao mwanga ulikuwa unahangaika kutoka. Mafuta yale yalikuwa safi kuliko maji yenu ya chupa mara mabilioni, kwa upande wa mnururisho. Wapishi wa pizza wa Casuarina wapelekewe salamu.

Sasa Giacconi anarudi.

Desemba 2002, Stockholm, Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nusu moja wakagawana wawili waliozinasa nyutrino za angani: Masatoshi Koshiba wa Japani, na Raymond Davis, mwenye umri wa miaka 88. Nusu nyingine akapewa mtu mmoja kwa kazi ya eksirei za angani. Mnamjua. Ni Riccardo Giacconi, yule wa uzi mweupe wa moshi, yule aliyemfanya baba yangu aache malema yake majini siku nzima. Wakakaa jukwaa moja. Mmoja alipanda kutoka Ngomeni kuikimbia hewa, mmoja alishuka Homestake kuikimbia hewa hiyohiyo, na mwaka 1970, roketi ya mmoja ilipokuwa inapaa juu ya kichwa changu, mwenzake alikuwa chini ya ardhi na dawa yake ya dobi, akipata theluthi, akiambiwa amekosea.

Nimekaribia. Nilipowaambia mwinue kidole gumba, wengi mlitazama juu, kwenye mabati, kana kwamba nyutrino zinashuka kutoka huko. Mmesahau sasa ni saa ngapi. Saa tatu na nusu usiku. Jua liko upande wa pili wa dunia, chini ya miguu yetu. Zile bilioni 65 hazikushuka. Zilipanda. Zimeingia duniani upande ule wa Amerika ya Kusini na bahari ya Atlantiki, zikapita ndani ya dunia, zikatoka kwenye sakafu hii, zikapita viti na nyinyi, zikaenda zao. Japani, kwenye mtambo wa Super-Kamiokande wenye tani 50,000 za maji chini ya mlima, wanazinasa za jua kama 15 kwa siku, mchana na usiku. Walikusanya kwa siku 500 wakatengeneza picha ya jua kwa nyutrino peke yake. Ni doa lenye ukungu tu, kubwa kuliko jua lenyewe. Lakini sehemu ya picha hiyo ilipigwa usiku, jua likiwa limezama, kamera ikilitazama kupitia dunia nzima.

Watoto mkifika nyumbani mkalala, zitakuwa zinapita mkekani kwenda juu. Haya, mwenye swali ainue mkono. Yule kijana wa nyuma kabisa mwenye kofia, wewe kwanza. Na fundi, nawe usiondoke, swali la pili ni lako.